Diski Ikianza Kugonga, Fundi Angoje

Mtu akipeleka kompyuta kwa fundi, iwe Litein, Sotik, Silibwet au Kericho mjini, na kusema diski inagonga, kwa kawaida huwa na maswali mawili: itapona, na ni pesa ngapi? Ni maswali ya haki, lakini yote mawili yanahusu kifaa, na kifaa ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote katika mkasa huo. Diski mpya hununuliwa mchana huohuo. Kisichonunuliwa ni orodha ya wanachama wa chama na akiba zao, alama za wanafunzi ambazo mwalimu hajazipeleka kwa baraza la mitihani, KNEC, vipimo vya mashamba vya mpimaji, au video ya koito, sherehe ya posa, ambamo nyanya aliyekwisha kufariki bado anaongea na kucheka. Hoja yangu ni ya mpangilio wa mambo. Diski ikianza kutoa sauti isiyo yake, kunakili ndiko kwanza, uchunguzi hufuata, na ukarabati huja mwisho au usije kabisa. Ndani ya hoja hiyo imo nyingine iliyo ngumu zaidi kukubalika: anayengoja kusikia sauti ndipo anakili amekwisha kuchelewa, kwa sababu diski nyingi hufa kimya.

Kuelewa kwa nini mpangilio huo haugeuzwi kunahitaji kuitazama diski ikiwa kazini. Diski ya kwanza kuingia sokoni, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5, mzigo ambao leo hujazwa na picha moja ya simu. Ukubwa umebadilika mno lakini kanuni ni ileile. Ndani ya kasha lililofungwa mna sahani ngumu zilizopakwa utando wa sumaku. Mota huzizungusha mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, hata ukingo wa sahani ya kompyuta ya mezani ukawa unapita kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, kimeshikwa na mkono mwembamba, nacho hakiigusi sahani. Huelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita elfu sabini hivi. Kwa hiyo mashine hii, inayowekwa mezani karibu na birika la chai na kusukumwa kwa kiwiko, hufanya kazi katika nafasi ambayo hata vumbi lisiloonekana kwa macho halina pa kupita.

Sauti zote hutoka katika sehemu hizo, na si zote zenye habari mbaya. Mkwaruzo mwepesi wa harakaharaka faili kubwa linapofunguliwa ni mkono unaorukaruka kutafuta data, kazi yake ya kila siku. Mlio mmoja mdogo laptopu ikiachwa bila kuguswa ni vichwa vinavyoegeshwa pembeni ili visidhurike. Mvumo unaotoweka ukiweka kiganja juu ya kasha la kompyuta mara nyingi ni skrubu iliyolegea, na muungurumo unaopanda na kushuka kufuata joto ni wa feni. Zinazotisha ni tatu. Ya kwanza ni ile ya kugonga kwa mpigo mmoja, tak, tak, tak, kisha kimya, kisha upya. Hapo vichwa vimetoka, vimeshindwa kusoma alama za kujiongozea zilizoandikwa kwenye sahani tangu kiwandani, vimerudi pembeni, na vinajaribu tena. Ya pili ni mlio mwembamba wa pii, pii, au mnong'ono wa mota inayotaka kuzunguka ikashindwa, ama kwa kuwa vichwa vimenata juu ya sahani, ama kwa kuwa waya wa USB hauleti umeme wa kutosha. Hii wakati mwingine huweza kuisha kwa kubadilisha waya au tundu, na jaribio hilo ni halali kufanywa mara moja. Ya tatu ni mkwaruzo mzito wa kitu kigumu juu ya kigumu. Kichwa kimekwisha kugusa sahani, kila mzunguko unachubua utando wenye data, na chembe zake zinakwenda kuharibu palipobaki pazima. Kwa sauti hiyo kompyuta huchomolewa ukutani papo hapo, bila hata kungoja kufunga programu, kwa kuwa kila sekunde ya ziada inalipwa kwa faili.

Mtu anaweza kusema kwamba basi sauti ni kengele nzuri, na mwenye masikio ataonywa mapema. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa kazini. Walizisoma kupitia SMART, mfumo ulio ndani ya diski yenyewe unaohesabu makosa yake, kama vile sehemu za sahani zilizoharibika na kuhamishwa. Diski iliyopata kosa la kwanza la kusomeka kwa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hilo ni onyo la kweli. Lakini zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa, asilimia 36, hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika hesabu hizo ukiacha joto. Kampuni ya Backblaze, inayohifadhi data za watu kwa maelfu ya diski, ilitoa mwaka 2016 hesabu inayokubaliana na hiyo: kati ya diski zilizoharibika, asilimia 76.7 zilikuwa na angalau alama moja mbaya kati ya tano ilizozifuatilia, ilhali kati ya nzima ni asilimia 4.2 tu zilizokuwa nayo. Yaani takriban moja kati ya nne ilianguka bila kuaga. Na hizo ni hesabu za ndani, ambazo huanza kupanda uso wa sahani unapodhoofika. Sauti ya kugonga huja mashine yenyewe inaposhindwa. Mwenye kutegemea masikio anategemea shahidi anayefika baada ya kesi kuanza.

Mwaka huohuo wa 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilinganisha ahadi za viwanda na hali halisi. Karatasi za viwanda zilitaja wastani wa saa milioni 1 na zaidi kabla ya kuharibika, jambo linalomaanisha chini ya diski moja kati ya mia kwa mwaka. Rekodi za mahali pa kazi zilionyesha kwamba diski zilizobadilishwa zilikuwa mara nyingi kati ya asilimia 2 na 4 kwa mwaka, na mahali pengine hadi 13. Zingatia kwamba diski hizo zote, za Google na za wengine, zilikaa katika kumbi zenye umeme uliotulia na hewa iliyochujwa, zikisimamiwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Tuzitoe huko sasa tuzipandishe hadi kwenye chai.

Kericho na Bomet, kaunti za chai, zina mambo yao. Jua la asubuhi huvuta mvuke kutoka Ziwa Viktoria na misitu ya Mau, na mchana ukipinda, ngurumo huanza. Milima ya Kericho na Nandi inatajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, hata miaka ya 1960 kukafanywa majaribio ya kuipunguza ili kuyaokoa majani ya chai. Wingu linaloangusha mawe ndilo hilohilo linalobeba radi, na radi haihitaji kupiga nyumba ili iharibu kompyuta, kwani ikipiga karibu na nyaya za stima inatosha kusukuma umeme mwingi hadi kwenye tundu la ukutani. Tena stima hupotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ilizimika karibu nchi nzima, na habari hiyo ikasikika hata ng'ambo, lakini anayeishi Merigi au Kapkatet hakuhitaji usiku huo kujua kukatika kwa stima ni nini. Kuna jambo moja la kupendeza katika uundaji wa diski hapa. Umeme ukikatika ghafla, sahani bado zinazunguka kwa nguvu iliyobaki, na mota hugeuka kuwa jenereta kwa muda mfupi, ikazalisha umeme wa kutosha kuvirudisha vichwa pembeni kabla mzunguko haujafa. Kwa hiyo giza lenyewe si muuaji. Ila mrudio huo wa dharura ni wa kishindo kuliko ule wa kawaida. Diski nyingi za laptopu hupimwa kuvumilia maegesho ya kawaida mamia ya maelfu, lakini ya dharura makumi ya maelfu tu. Halafu stima hurudi, mara nyingi kwa kurukaruka, inakuja, inakatika, inakuja, na ni katika kurudi huko ndipo saketi huungua na faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu.

Wako wanaolaumu mwinuko na baridi, na ni vyema tuwasahihishe, maana lawama iliyopotea njia huleta tiba iliyopotea njia. Ni kweli kichwa huelea juu ya hewa na kwamba hewa ya milimani ni nyepesi zaidi, nayo diski za kawaida zina tundu dogo lenye kichujio la kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Lakini viwanda huzithibitisha kufanya kazi hadi mita 3,048, na mashamba ya Kericho na Bomet yako chini ya hapo. Ukungu wa asubuhi nao unafaa kuogopwa pale tu kifaa kilichopoa usiku kinapowashwa kikiwa na umande ndani yake. Washukiwa wakuu ni stima, mtikisiko wa safari ndani ya matatu au juu ya bodaboda, na umri. Hasa umri. Kompyuta nyingi za shule na ofisi ndogo huku zilianza maisha kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likizifikisha kompyuta zilizokarabatiwa shuleni tangu mwaka 2002, kazi iliyofungulia watoto wengi mlango, na maduka ya mjini huuza mitumba ya aina hiyo kila siku. Hakuna aibu katika mtumba, mradi mnunuzi aisome diski kabla ya kuiamini. Programu za bure huonyesha saa ambazo diski imezunguka tangu kiwandani, na iliyofikisha saa 30,000 imezunguka zaidi ya miaka mitatu usiku na mchana.

Turudi kwa aliyesikia diski ikigonga leo. Kama kompyuta bado inawaka na faili bado zinaonekana, asiizime akaiwasha tena ili kuona kama itaacha, maana kuanza kuzunguka ni wakati mgumu kwa diski iliyochoka, na kuna zinazosimama zisizunguke tena. Wala asikubali Windows ikimwomba ruhusa ya kukagua na kurekebisha diski. Ukaguzi huo uliundwa kwa ajili ya orodha ya faili iliyovurugika juu ya diski nzima. Juu ya diski inayokufa huisomesha sahani yote, huandika juu yake, na huweza kufuta kiingilio cha faili ambalo bado lingeokolewa. Afanye moja tu: atie diski nyingine au flashi, na anakili kuanzia lisiloweza kupatikana tena popote hadi linaloweza. Rejista kabla ya muziki, picha za familia kabla ya filamu, programu zisinakiliwe kabisa. Jani la chai likishachumwa saa zake zinahesabiwa na halingojei lori la kesho. Ndivyo ilivyo data juu ya diski inayogonga. Anayeweza kutumia Linux, au anayemjua kijana wa chuo anayeweza, ana chombo bora zaidi, ddrescue, ambacho huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zenye matatizo na kuzirudia mwishoni, na huandika pembeni kilipofikia. Stima ikipotea katikati ya kazi, huendelea palepale, na kwa mazingira yetu sifa hiyo peke yake ingetosha kukipendekeza. Nakala ikishakamilika, uchunguzi wote ufanywe juu ya nakala.

Kama diski haionekani tena kwenye kompyuta na inagonga tu, hakuna programu duniani itakayoisaidia, na hapa ndipo pingamizi la kwanza hutolewa: si ndiyo kazi ya fundi? Mafundi wetu wana ujuzi wa kweli. Wanabadilisha skrini, wanaunga matundu ya chaji, wanafufua bodi zilizolowa maji, na kaunti nzima ingekwama bila wao. Lakini diski ni kifaa ambacho ujuzi wa mkono pekee hautoshi, kwa sababu kazi yake hufanyika katika nafasi ya nanomita. Kuifungua juu ya meza ya duka ni kuingiza vumbi mahali ambapo vumbi ni mwisho. Kubadilisha bodi yake ya nje kwa bodi ya diski inayofanana kulisaidia zamani, lakini diski za sasa huhifadhi vipimo vya vichwa vyake zenyewe katika kichipu cha bodi hiyo, hivyo bodi ngeni haivijui vichwa inavyopaswa kuviongoza. Kuitia kwenye friji, ushauri unaozunguka tangu enzi za diski nyingine kabisa, huku kwetu penye unyevu mwingi ni kuikaribisha maji juu ya sahani. Kuipigapiga kwa kiganja sitaki hata kukujadili. Fundi mwema ni yule anayesema mapema kwamba hii haiko ndani ya uwezo wa duka, airudishe ikiwa haijafunguliwa, na kumwelekeza mteja kwa wataalamu wa Nairobi wenye chumba cha hewa safi na vichwa vya kubadilisha. Huko gharama hufika makumi ya maelfu ya shilingi bila hakika ya kufaulu. Kila jaribio lililofanywa njiani hupunguza hakika hiyo, na mara nyingi ndilo linaloamua.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza, nalo ni pesa. Diski ya nje ya terabaiti moja huuzwa shilingi elfu saba hivi, na mkulima anayelipwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi, kabla ya bonasi, atahesabu kilo mia tatu hivi. Ni mzigo wa mgongo wa siku nyingi, na mwandishi anayeupuuza hajui anachokisema. Hata hivyo hesabu hiyo inaanza na kosa, la kudhani kwamba kila kilichomo kwenye diski kinastahili kuhifadhiwa mara mbili. Tenga yasiyopatikana tena na utakuta ni machache. Daftari la chama la miaka kumi, kumbukumbu za mikutano, majina, stakabadhi zilizopigwa picha na alama za darasa zima haviijazi hata flashi ndogo ya shilingi mia kadhaa. Kinachojaza diski ni filamu, muziki na video, na katika hizo ni zile za familia tu zinazohitaji nafasi ya gharama. Flashi mbili, moja ikikaa kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina, zikibadilishwa kila mkutano, ni ulinzi mkubwa kuliko diski moja ghali inayokaa droo moja na kompyuta inayoilinda, kwa kuwa mwizi na moto havichagui ndani ya droo. Na karatasi isidharauliwe. Ukurasa uliochapishwa na kutiwa sahihi hauhitaji stima.

Vijana watasema haya yote yamepitwa na wakati, kwamba kila kitu sasa kiko kwenye simu na kwenye wingu. Wana haki kwa kiasi. Picha inayopanda yenyewe hadi kwenye akaunti ya mtandao imenusurika na diski, na mwalimu anayejitumia rejista kwa barua pepe kila Ijumaa ametenda jambo la busara lisilo na gharama. Lakini bando huisha, mtandao kwenye mabonde ya chai hupungua nguvu, na video za harusi moja zinaweza kuhitaji usiku kadhaa kupanda. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba huduma nyingi za wingu hulinganisha badala ya kuhifadhi: ukifuta hapa, hufutika kule. Faili likiharibika kwenye diski inayougua, nakala iliyoharibika huweza kupanda na kufunika ile nzima. Tena akaunti hufungwa na nenosiri la mtu mmoja, na katibu akihama au akifariki, chama hubaki nje ya mlango wa mali yake. Wingu ni nakala moja nzuri kati ya mbili, haliwezi kuwa zote mbili.

Na SSD? Hizo hazina sahani, hazina mota, hazigongi, na kwa laptopu inayopanda matatu ni bora bila ubishi. Ningemshauri yeyote anayebadilisha diski iliyokufa aweke hiyo. Ila inaiondoa sauti tu, kifo kinabaki. SSD huweza kufanya kazi asubuhi na isitambulike jioni, bila tak wala pii, na kupata data kutoka humo mara nyingi ni kugumu kuliko kwenye sahani. Vilevile si chombo cha kufungia kabatini kwa miaka, kwani huhifadhi data kama chaji za umeme, na kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinadai SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa ishike data mwaka 1 tu bila umeme, katika nyuzi 30. Anayefikiri ameondoka kwenye tatizo kwa kununua SSD ameondoka kwenye onyo lake, na hilo linaupa uzito zaidi ushauri wa kunakili kabla ya dalili yoyote.

Wengine watauliza kama kweli kumbukumbu za mahali padogo zina uzito wote huu. Kericho yenyewe imeshajibu. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya kuongezeka kwa malaria kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo ya sehemu nne walizozichunguza. Walitumia takwimu za hali ya hewa zilizokadiriwa kwa kuunganisha vituo vya mbali, wakahitimisha kwamba joto halikuwa limebadilika kiasi cha kueleza ongezeko hilo. Mjadala uliwaka miaka mingi. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakarudi na rekodi za kila siku za kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, kuanzia 1979 hadi 2009, zilizokaguliwa moja moja, wakaonyesha joto lilikuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Tofauti ya majibu hayo mawili ilitoka kwa watu waliosoma kipimajoto kila siku kwa miaka 30, wakaandika, na kwa waliohifadhi walichoandika. Vivyo hivyo madai ya ardhi ya jamii za Wakipsigis na Watalai, yaliyopita Tume ya Taifa ya Ardhi na kufikishwa mwaka 2022 katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, yanasimama juu ya nyaraka na maelezo ya wazee. Mjukuu aliyemrekodi babu yake akieleza jinsi walivyofukuzwa kwenye ardhi hiyo, kisha akaliacha faili kwenye laptopu moja, ameshika ushahidi usioweza kurekodiwa mara ya pili.

Ni hapa pia ndipo tofauti ya nguvu inapoonekana. Kilo za mkulima zikishapimwa kituoni huingia katika mifumo ya kiwanda, yenye seva na watu wa kuzilinda. Aliye hatarini ni karani mmoja mwenye kompyuta moja: shule ya sekondari ya kutwa, kanisa, chama cha akina mama, saiba, studio ya picha, ofisi ya mpimaji. Sheria haimsamehe kwa udogo wake. Sheria ya taratibu za kodi inamtaka mfanyabiashara atunze rekodi miaka 5, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde zisipotee wala zisiharibike. Kwa shule, jambo hili halipaswi kuachwa mabegani mwa karani anayenunua flashi kwa mshahara wake. Ni la bodi, na mahali pake ni kwenye bajeti ya muhula pamoja na chaki na karatasi za mitihani.

Sheria hiyohiyo ya kulinda data inaifuata diski hata baada ya kufa, na hili husahaulika. Diski iliyogonga ikakataa kusoma bado ina nakala za vitambulisho, vyeti na sahihi za watu juu ya sahani zake. Mwenye vifaa anaweza kuzitoa, hata kama mwenyewe alishindwa. Kuifomati kwa kawaida hakutoshi kwa iliyo nzima na hakuwezekani kwa iliyokufa. Kwa hiyo isiachwe dukani kama fidia ya kazi ya fundi, wala isiuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa kama ilivyo. Sahani za diski ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ni za alumini na hutobolewa kwa drili mahali pawili patatu. Za laptopu mara nyingi ni za kioo, kwa hiyo ifungwe ndani ya gunia au kitambaa kizito na macho yakingwe kabla ya kuipiga nyundo, kisha ipelekwe panapokusanywa taka za kielektroniki.